Kwa mnaoanza kusoma mabaki ya Misri ya kale, anzieni kwenye meno

Jamani karibuni. Najua wengi mnakuja mnawaza dhahabu ya farao Tutankhamun, hata mi nilikuja hivyohivyo, siku ya kwanza maabara nikapewa kiboksi cha meno nikanuna kweli. Leo ukiniambia nichague sanamu au gego moja nachukua gego. Litazame kwa juu, la Mmisri wa kale mara nyingi limesagika mpaka limekuwa bapa, zile nundu hamna kabisa. Mkate ndo ulifanya hivyo, maana nafaka walisaga kwenye jiwe, unga unaingia chenga za jiwe na mchanga, unatafuna hivyo miaka na miaka enameli, lile gamba gumu la nje ya jino, inaisha, mwisho usaha kwenye mzizi. Na haikuchagua mtu, Ramesses II mfalme mzima naye taya lake lilikuwa na jipu.

Kosa langu la kwanza sasa. Niliona mistari kwenye enameli ya jino moja nikaandika kwenye ripoti kwamba mwenyewe alikuwa maskini. Msimamizi akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu, "umemjuaje?" Ile mistari inakwambia tu kwamba alipokuwa mtoto ukuaji wa jino ulikwama kidogo, labda homa, labda njaa, sasa huo umaskini niliutoa wapi?

Halafu someni Amarna, mji wa farao Akhenaten, miaka zaidi ya 3,300 iliyopita. Ukutani wamechora meza za sadaka zimefurika mikate na nyama, unasema hawa watu walishiba. Nenda makaburi ya watu wa kawaida palepale: watu wafupi, watoto waliodumaa, vijana kabisa migongo imeshaumia kwa kazi nzito. Ndo maana mi picha za ukutani nazitazama mwisho.

Na kama umetokea Pemba au kanda ya ziwa hii itakugusa. Mwaka 1910 daktari Marc Armand Ruffer alichukua figo za mumiani, yaani zile maiti zilizokaushwa sio mumiani wa kunyonya damu tuliotishiwa utotoni, wa Nasaba ya 20 (ukoo wa 20 wa wafalme wa Misri), akalainisha vipande akaweka kwenye darubini, akakuta mayai ya kichocho yamegeuka chokaa. Kichocho hikihiki chetu! Mtu kaingia majini zaidi ya miaka 3,000 iliyopita na ushahidi bado upo kwenye figo.

Mifupa ya wanyama msiidharau, pale Giza kwenye makazi ya wajenzi wa piramidi ndo ilionyesha walikuwa wanalishwa ng'ombe, kondoo na mbuzi, tena ng'ombe wengi ni madume wachanga. Kujua umri na jinsia ya mnyama ni mazoezi tu, nenda buchani kaombe kichwa cha mbuzi, chemsha moto mdogo, toa nyama taratibu. Ila usiloweke kwenye jiki, mi changu cha kwanza kilikuwa kama chaki, kikavunjikia mkononi.