Timu za majimbo Brazil: zilivuma kweli, na klabu ndizo zilizozizima

Mkuu, umeuliza kwa nini Brazil, na vipaji vyote vile, hawana mashindano ya timu za majimbo, kama Kombe la Taifa letu la timu za mikoa. Walikuwa nayo, tena makubwa. Nimeishi Porto Alegre, mji mkuu wa jimbo la Rio Grande do Sul, miaka kadhaa, na wazee wa kule wakianza kuyazungumzia huondoki mezani.

Yalianza rasmi 1922. Nchi ni kubwa mno na safari zilikuwa za meli na treni, kwa hiyo klabu zilikuwa zinacheza ligi za majimbo yao tu. Mtu wa Bahia akitaka kujua kama vijana wake wanawaweza wa Rio, alisubiri timu ya jimbo. Ubingwa karibu wote uliishia Rio na São Paulo, ingawa Bahia waliuchukua 1934. Fainali ya 1927 hadi Rais Washington Luís alikuwepo uwanjani São Januário. Wachezaji wa São Paulo wakagomea penalti, Rais akaagiza mechi iendelee, wao wakatoka zao!

Mwaka 1959 ikaja Taça Brasil, kombe la klabu za nchi nzima, na 1960 Libertadores, kombe la klabu za Amerika Kusini. Ndege nazo zilikuwa zimefupisha safari, kwa hiyo klabu zenyewe zikaweza kukutana. Minas Gerais walibeba kombe la 1962, kisha kimya mpaka 1987, likachezwa mara moja, basi.

Ila Rio Grande do Sul ni habari nyingine. 1956 wachezaji wa jimbo hilo ndio walioiwakilisha Brazil kwenye michuano ya Pan-Amerika kule Mexico, wakarudi na ubingwa. Halafu 1972 Everaldo, beki wa kushoto wa klabu ya Grêmio ya Porto Alegre na bingwa wa dunia wa 1970, akaachwa kikosi cha taifa. Jimbo zima likachukia. Tarehe 17 Juni Brazil ikaja Beira-Rio, uwanja wa klabu ya Internacional hapo Porto Alegre, kucheza na timu ya jimbo mbele ya watu zaidi ya 100,000. Mzee jirani yangu, Internacional damu, aliniambia siku hiyo alibanana na watu wa Grêmio, mahasimu wake wa maisha, wakiizomea Brazil kwa sauti moja. Matokeo 3-3, na Brazil ilikuwa na kina Jairzinho na Rivellino.

Kwa hiyo anayesema mashabiki walichoka, simkubalii. Watu walikuwepo. Mshahara wa mchezaji ulitoka klabu, na klabu haikuona sababu ya kumtoa akaumie kwa ajili ya jimbo.