Kuripu CD za saundi efekti: programu ni kazi ndogo, majina ndo kazi yenyewe

Mkuu, umeuliza programu ipi nzuri ya kutoa saundi efekti kwenye CD zako za zamani (milango, mvua, nyayo, injini) alafu uzipange uzipate haraka ukiwa unaediti. Hii kazi nimeifanya kwa kabati zima la CD kwahiyo nitaandika kirefu kidogo, vumilia.

Kwenye kuripu, yaani kunakili sauti za CD ziingie kwenye kompyuta, usiumize kichwa. Windows chukua Exact Audio Copy, watu wanaiita EAC tu, Mac kuna XLD, Linux kuna whipper, zote bure. Uzuri wake zinasoma diski kwa uangalifu, sehemu ikisumbua zinairudia mpaka majibu yafanane, hazibahatishi. Kwenye muziki wenye ngoma na gitaa kichubuko kidogo kinaweza kujificha ila kwenye sauti ya chumba kitupu au upepo wa mbali utakisikia tu. EAC ina Test & Copy, inasoma traki mara mbili na kulinganisha namba za CRC (namba za kuhakiki kama nakala mbili zinafanana), itumie hiyo, usiegemee sana AccurateRip maana inalinganisha ripu yako na za watu wengine, na CD za efekti walioziripu ni wachache kuliko albamu za muziki.

Toa WAV ya 44.1 kHz bit 16 kama ilivyo kwenye diski, ni kama MB 10 kwa dakika. MP3 hapana kabisa, efekti utakuja kuivuta, kuipunguza spidi, kuishusha chini ili mlango wa kabati uwe geti la gereza, na hapo ndo kile MP3 ilichokiondoa ili faili liwe dogo kinaanza kuonekana. Na usinomalaizi (kupandisha sauti mpaka kiwango fulani) wakati wa kuripu, sauti ya chini iache chini, utaipandisha ukiwa ndani ya projekti.

Sasa sikiliza hapa maana wengi wanaparuka. CD ya audio mwisho wake ni traki 99, na CD nyingi za efekti za zamani zina sauti nyingi kuliko hapo, kwahiyo watengenezaji walikuwa wanatumia indeksi, yaani ndani ya traki moja kuna alama 01, 02, 03 na kila alama ni efekti yake. Kijitabu kitakuandikia kitu kama 14-3 na wewe kwenye kompyuta unaona traki 14 tu, faili moja la dakika tatu lenye milango sita ndani. Programu nyingi za kawaida hizo alama hazizijali kabisa. Programu ya cdrdao kwenye Linux ukiipa amri ya read-toc inazisoma na kukuandikia kila moja iko dakika, sekunde na fremu ya ngapi (fremu ni 75 kwa sekunde), ukishapata hiyo unakata kwa uhakika. Kama diski haina indeksi ila sauti zimetenganishwa na ukimya, Audacity ina Label Sounds ya kuweka lebo yenyewe na unaeksipoti zote kwa mkupuo, ila kagua kila mwisho kwa masikio, mwangwi wa mlango wa chuma unaisha taratibu sana na programu itaukata ikidhani ni ukimya. Hilo linaniuma kuliko yote, mkia wa sauti ndo unaoipa ukubwa wake.

Kwenye majina, hifadhidata za intaneti kama MusicBrainz au gnudb zinasaidia kwa CD zinazojulikana, nyingine utakuta Track 01, Track 02 basi. Kaa na kijitabu uandike kwenye spredishiti, hakuna njia ya mkato. Fuata UCS (Universal Category System), mfumo wa kategoria za sauti uliotoka 2020 ambao ni bure, jina la faili linaanza na msimbo wa kategoria kama DOORWood, linafuata maelezo, alafu aliyetengeneza, alafu chanzo. Hapo kwenye chanzo weka namba ya CD na traki, utanishukuru siku unataka kurudi kwenye diski. Maelezo andika kwa maneno ambayo wewe mwenyewe utatafuta nayo, sio "mlango 4" bali mbao, mzito, unafungwa polepole, ndani, mwangwi.

Maelezo hayohayo yaingize ndani ya faili lenyewe, sio kwenye jina tu. BWF MetaEdit ni ya bure, inaingiza kutoka CSV (spredishiti iliyoseviwa kama maandishi tu) kwa mafaili mengi pamoja, kumbuka tu sehemu ya Description mwisho herufi 256. Kutafutia kuna Soundminer na BaseHead za kulipia, Soundly ina toleo la bure lenye mipaka, kwa kuanzia mi ningechukua Soundly.

Leseni pia isome. Mara nyingi inakuruhusu kutumia sauti ndani ya kazi yako, sio kugawa faili lenyewe, kwahiyo folda usiirushe kwenye magrupu.

Kabla hujabadilisha majina weka nakala ya ripu zote kwenye hard disk nyingine pamoja na skani za vijitabu, maana mstari mmoja ukiruka kwenye spredishiti majina yote ya chini yake yanahama na mvua inaanza kuitwa trekta.