Ushuru wa kinga kwa mchele: ombi lenu halina wa kulipokea Geneva

Swali: Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa mpunga huku Mwea. Mchele wa Pakistan umejaa sokoni na bei yetu imeanguka. Amekuja mshauri, anasema WTO, Shirika la Biashara Duniani lenye makao Geneva, inaruhusu "ushuru maalum wa kinga" kwa mazao ya kilimo, na kwamba tukimlipa atatuandikia ombi na kulifikisha Geneva. Wanachama wameanza kuchanga. Ombi kama hilo huchukua muda gani, na lina nafasi ya kufaulu?

Jibu: Ndugu Katibu, sitisheni michango leo. WTO ni chombo cha serikali za nchi wanachama. Hakipokei ombi la kikundi, la chama cha ushirika wala la kampuni, hata liandikwe na wakili wa aina gani. Barua yenu ikifika huko itawekwa kando, na mshauri wenu atakuwa na risiti ya posta ya kuwaonyesha.

Maswali ya namna hii nayapata kila msimu bei ikishuka. Leo ni mchele, jana yalikuwa maziwa, kesho yatakuwa vitunguu. Karibu kila mara mshauri huwa ameshika kipande cha kweli. Huo ushuru maalum upo, tena upo kwenye Kifungu cha 5 cha Mkataba wa Kilimo ulioanza kutumika mwaka 1995. Unaruhusu nchi kuongeza ushuru bila kuthibitisha kwamba wakulima wake wameumia: kinachotakiwa ni kiasi cha bidhaa inayoingia kipite kiwango fulani, au bei yake ishuke chini ya wastani wa miaka ya 1986 hadi 1988. Kitu kitamu. Ila haki hiyo walijiwekea wanachama 39 tu wa WTO, na kwa bidhaa zilizotiwa alama kwenye orodha zao za ahadi. Afrika Kusini imo, Namibia, Botswana, Eswatini, Morocco na Tunisia zimo. Kenya haimo. Tanzania na Uganda hazimo. Dirisha hilo lilifungwa mazungumzo ya Uruguay, yale yaliyoizaa WTO, yalipokwisha, na halifunguliwi kwa barua.

Akiona mmelijua hilo, mshauri atahamia hadithi ya pili: kwamba mkutano wa mawaziri wa WTO uliofanyika Nairobi Desemba 2015 ulizipa nchi zinazoendelea utaratibu wao wenyewe wa kinga. Kilichokubaliwa Nairobi ni kuendelea kuujadili. Mjadala huohuo ndio uliochangia kuvunja mazungumzo ya Geneva Julai 2008, pale India na Marekani ziliposhindwa kuelewana juu ya kiwango cha ongezeko ambacho kingeruhusu ushuru kupandishwa. Mpaka sasa hakuna chombo cha kutumia.

Lakini kinachonikera zaidi ni imani kwamba WTO ndiyo iliyoufunga mkono wa serikali. Kwa mchele, si kweli hata kidogo. Kenya iliahidi WTO kwamba ushuru wake kwa mazao ya kilimo hautapita asilimia 100. Chini ya kikomo hicho ina uhuru wa kupanda na kushuka, na haihitaji kinga wala uchunguzi ili kupanda. Chini yake tena kuna ushuru wa pamoja wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambao kwa mchele ni asilimia 75 au dola 345 kwa tani, kinachochukuliwa ni kile kilicho kikubwa. Na Kenya inatoza ngapi? Asilimia 35 au dola 200 kwa tani, kwa msamaha ambao yenyewe imekuwa ikiuomba kwa jumuiya mwaka baada ya mwaka.

Chukua karatasi. Tuseme tani ya mchele imefika Mombasa kwa dola 400. Asilimia 35 yake ni 140, kwa hiyo mwagizaji analipa ile 200. Kwa kiwango cha jumuiya angelipa 345. Tofauti ni dola 145 kwa tani, yaani kama shilingi 19 kwa kilo ukihesabu dola kwa shilingi 130. Hizo shilingi 19 zinatoka kwenye uamuzi wa serikali yetu, si wa WTO. Na hata hiyo 345 ingetozwa kesho asubuhi, bado tungekuwa chini ya dola 400 ambazo ndizo kikomo chetu huko WTO kwa shehena hiyo.

Sababu ya msamaha si siri. Sehemu kubwa ya mchele unaoliwa nchini hutoka nje, na hakuna serikali inayotaka kupandisha bei ya sahani mijini. Halafu Pakistan ndiyo mnunuzi mkubwa kuliko wote wa chai yetu, na mkulima wa chai wa Kericho naye ana sauti. Mnaweza kukubali sababu hizo au kuzipinga, lakini mnapaswa kuzipingia mahali zinapoamuliwa: Wizara ya Fedha, Wizara ya Kilimo na kamati za Bunge, wakati wa maoni ya bajeti, kabla viwango vipya vya jumuiya havijaanza kutumika tarehe 1 Julai. Mnakumbuka 2025, serikali ilipotangaza tani 500,000 za mchele usiotozwa ushuru, kesi ilipelekwa Mahakama Kuu ya Kerugoya, huko huko kwenye kaunti yenu ya Kirinyaga. Hata anayeichukia kesi ile hawezi kusema ilifunguliwa mji usiohusika.

Upo pia ushuru wa kinga wa kawaida, ule wa bidhaa zote, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2017 iliyounda wakala wa kuchunguza malalamiko ya aina hiyo. Mlalamikaji lazima awakilishe sehemu kubwa ya uzalishaji wa nchi nzima, si kikundi kimoja. Madhara yawe makubwa, na yatokane na bidhaa za nje, siyo ukame, maji ya mfereji kuchelewa au mbolea kupanda bei. Majaji wa rufaa wa WTO, katika kesi ya viatu vya Argentina mwaka 1999, walisema ongezeko liwe la karibuni, la ghafla, kali na kubwa vya kutosha. Mchele umekuwa ukiingia na kuongezeka kwa miaka mingi kwa sababu watu wanaula zaidi. Sioni mtakavyovuka hapo. Na ule unaotoka Tanzania hautozwi ushuru huu kabisa, ni wa ndani ya jumuiya. Wala ushuru hauwezi kumgusa broka anayechanganya mchele wa nje na pishori kisha akaandika Mwea kwenye mfuko. Huyo ni wa kushtakiwa kwa udanganyifu.

Wanaoiombea kinga kila zao kana kwamba ni dawa ya kila ugonjwa watazame sukari. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 Kenya iliruhusiwa na COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, kuweka kikomo kwa sukari ya wanachama inayoingia bila ushuru. Masharti yalikuwa wazi: viwanda vya serikali vitoke mikononi mwa serikali, zipandwe mbegu za miwa inayokomaa mapema, na mkulima alipwe kwa kiasi cha sukari iliyomo badala ya uzito. Muda ulioombwa kama wa kujipanga ukaongezwa, ukaongezwa tena, hadi ukaisha mwishoni mwa 2025. Viwanda vya serikali vya Nzoia, Chemelil, Muhoroni na Sony vilikodishwa kwa kampuni binafsi mwaka huohuo wa 2025, kinga ikiwa ukingoni. Miwa bado inapimwa kwenye mizani. Katika miaka hiyo yote mkulima wa magharibi alikuwa akisubiri malipo ya miwa iliyokwisha kusagwa, huku kila mara akielezwa kwamba adui yake ni sukari ya Misri.

Kwa hiyo mshauri yeyote akiwajia na neno Geneva, muulizeni maswali mawili: kikomo chetu cha WTO kwa zao hili ni asilimia ngapi, na leo tunatoza ngapi? Asiyeweza kuyajibu papo hapo hajasoma hata ukurasa wa kwanza wa kazi anayotaka kulipwa. Pesa ambazo zimeshachangwa zinatosha nauli ya watu wachache kwenda Nairobi kwenye vikao vya bajeti, na hesabu ya zile shilingi 19 mkononi.