Fangasi wa vidoleni wanarudi kila mara

SWALI: Mimi ni mlinzi, navaa buti saa 12 kwa siku. Ngozi kati ya vidole vya mwisho inawasha, imekuwa nyeupe na inachanika. Nikipaka dawa siku nne inapona, kisha inarudi. Nifanyeje?

JIBU: Pole, ndugu. Siku nne hazitoshi. Muwasho huisha mapema, lakini fangasi bado wamo ndani ya ngozi. Tumia krimu ya klotrimazoli asilimia 1, mara mbili kwa siku, na uendelee wiki mbili baada ya ngozi kuonekana nzima. Kwa kawaida jumla ni wiki nne. Osha miguu, kausha kila upenyo kati ya vidole kwa taulo ya miguu pekee, kisha paka tabaka jembamba hadi sentimita mbili nje ya kidonda.

Tafadhali soma boksi kabla ya kulipa. Krimu nyingi za mchanganyiko zina betamethasoni, ambayo hutuliza muwasho haraka huku fangasi wakisambaa. Hiyo usinunue.

Buti lako likilowa jasho leo, lipumzike saa 24 kabla ya kuvaliwa tena, kwa hiyo jozi mbili ni lazima. Soksi za pamba, badili kila siku. Bafuni vaa kandambili.

Una kisukari, au mguu umevimba, una usaha au wekundu unaopanda? Nenda kituo cha afya leo. Kucha zikiwa nene na za njano, krimu pekee mara nyingi haitoshi, mwone daktari.