Simba wa Tsavo: mbona hawana manyoya shingoni?

Swali: Mhariri, nimeona picha ya simba wala watu wa Tsavo waliohifadhiwa Chicago. Mbona wadogo, tena bila manyoya shingoni? Ni majike? – Msomaji, Kayole, Nairobi

Jibu: La, ndugu, wote wawili ni madume; madume wengi wa Tsavo hawana manyoya shingoni. Patterson, mhandisi wa daraja la reli la Tsavo aliyewaua Desemba 1898, alitandika ngozi zao sakafuni miaka mingi kabla ya kuziuza. Zilikuwa zimekatwa kingo, ndiyo maana sanamu zilizovikwa ngozi hizo ni ndogo. Wa kwanza kuuawa alikaribia mita 3, pua hadi mkia.

Tazama fuvu lake: chonge ya chini kulia imevunjika, na mzizini palitunga usaha. Kwa jino hilo, kumkaba nyati ni mateso. Binadamu hana ngozi ngumu. Uchunguzi wa 2009 ulikadiria kuwa watu walioliwa ni 35, si 135 aliodai Patterson. Huyu mwenye jino bovu alikula kama 24.