Mwenyekiti wa kijiji abaki ofisini kwake

Mkuu, usikubali! Umeuliza sampuli iwe ya watu wangapi na posho za wadadisi ziweje, halafu mwishoni umetupia kama jambo dogo kwamba mwenyekiti wa kijiji amejitolea kuwatembeza kaya kwa kaya kwenye utafiti wenu wa maoni kuhusu maji. Hilo ndilo litakalokumaliza.

Mimi yalinikuta Handeni. Mwenyekiti mcheshi, anajua kila mlango, siku 4 tukamaliza dodoso 96. Karibu kila kaya jibu moja: maji yapo, viongozi wazuri. Siku ya mwisho nimekaa kwenye kigoda kwa bibi mmoja, pembeni yake ndoo ya maji ya rangi ya chai ya maziwa, juu kaweka majani ya mpera yasimwagike. Namuuliza mwaka huu amekosa maji safi mara ngapi. Akamtazama mwenyekiti. "Hatujawahi kukosa." Nikaandika! Mwenyekiti alipotoka kupokea simu, bibi akanishika mkono: "Mjukuu wangu, jina langu limo kwenye daftari la mahindi ya msaada. Daftari analo yeye."

Dodoso zote 96 zikatupwa. Tukarudia kijiji kizima, na posho ya zile siku 4 sijaiona hadi leo. Aliyetuambia kwenye semina kwamba bila mwenyekiti kuwepo hatutapata ushirikiano hakukatwa hata shilingi! Bado inaniuma. Yule hajawahi kukaa kwenye kigoda cha mtu.

Afrobarometer, wale wanaofanya tafiti za maoni ya wananchi nchi nyingi za Afrika, wakimaliza mahojiano humuuliza mtu anadhani nani amewatuma. Wengi hutaja serikali, ingawa mwanzoni waliambiwa sivyo. Hapo hata kiongozi hayupo. Wewe unamleta mwenyewe akae kwenye mkeka?

Piga hodi ofisini, onyesha kibali, saini kitabu cha wageni, muage. Aking'ang'ania kuja, mwachie mdadisi mmoja amhoji yeye, taratibu, dodoso zima, nyie wengine mkiwa mmeshafika vitongojini. Mume, shemeji, jirani aliyekuja kuomba chumvi, wote wasubiri nje ya masikio. Mhojiwa na mdadisi, basi. Faragha isipopatikana, weka miadi urudi jioni.

Kuhusu sampuli, hao Afrobarometer nchi nzima huhoji watu 1,200 au 2,400, kwa hiyo wingi usikunyime usingizi.

Mnaingia lini? Kama ni wiki hii, mpigie mwenyekiti leo, mshukuru, mwambie mtazunguka wenyewe.