Mzee alipigana Kagera, kanisani wanasema aache dawa

Swali: Kamwene dokta. Baba ana miaka 68, alikuwa vita ya Kagera 1979, tupo Mafinga. Usiku anashtuka anapiga kelele, mvua ya mawe ikigonga bati anakimbilia nje. Hospitali wamemwanzishia sertralini, dawa ya sonona na kiwewe, hii wiki ya tatu, ila kanisani wanasema ni pepo, aache dawa afunge aombewe. Nifanyeje?

Jibu: Kamwene dada. Asiache. Wiki tatu bado mapema, hiyo dawa mara nyingi inaanza kuonekana wiki ya nne mpaka ya sita, na akiikata ghafla anaweza kupata kizunguzungu na hasira, usingizi nao unavurugika, halafu watu waseme mnaona, pepo limechachamaa! Kufunga afunge, kama hana sukari na daktari wake hana neno, dozi ni mara moja kwa siku anaweza kumeza jioni akishafuturu.

Maombi mimi siyapingi, shida yangu ni yanamwambia nini. Wapo askari ambao kinachowatafuna sio woga peke yake, ni dhamiri, alichofanya kule au mwenzie aliyemwacha njiani, na hapo kidonge hakifiki sana. Toba inafika, kwaya inafika, kukaa na mtu anayemwamini akaongea. Lakini akishaamini Mungu anamwadhibu, tafiti za maveterani wa Marekani zinaonesha dalili zinakuwa nzito zaidi, sasa mzee wa watu unamwambia ana pepo ili iweje?

Nenda kwa mchungaji bila ugomvi. Mwombe aendelee kumwombea ila dawa asiiguse, na wasimzunguke kwa nyuma, wasimshike kichwa bila kumuuliza, wala wasimpigie spika masikioni maana kelele ndio zinamrudisha kulekule. Nyie nyumbani akishtuka usiku msimtikise, washa taa, simama mlangoni, muite jina lake taratibu.

Hospitali ulizia pia tiba ya mazungumzo, dawa peke yake haitoshi.

Ulanzi, pombe ya mianzi, hukuutaja ila nawajua wazee wetu, wanaunywa ili walale, wanalala kweli masaa mawili matatu halafu ndoto zinakuja vibaya zaidi. Na siku akisema amechoka kuishi usisubiri kliniki, mpeleke siku hiyohiyo, dawa za shambani zifungie mbali naye.